Sifa Iandikwe Mwisho: Kuwafuatilia Wahusika wa Riwaya Darasani

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanga kuhusu Sekai wa riwaya ya Takadini, na kabla hujamaliza swali atakuwa ameshajibu: ni jasiri, ana mapenzi ya dhati kwa mwanawe, ni mvumilivu, anafaa kuigwa na jamii. Mwulize kuhusu Makwati, mumewe, utapewa orodha nyingine ya aina hiyo hiyo, ila hii inaishia kwa "hafai kuigwa na jamii". Majibu hayo si ya uongo, na huenda msahihishaji akayapa alama. Shida yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuyatoa bila kuifungua riwaya yenyewe hata mara moja, kwa kuwa yote yamo, yamepangwa kwa nambari za Kirumi, katika madesa yanayotolewa kopi kwenye steshenari za mjini na kurithishwa kutoka darasa moja hadi jingine mpaka maandishi yanafifia.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya mjini hapa, kuanzia kidato cha tatu hadi cha sita, na katika andiko hili nataka kueleza namna ninavyowasaidia wanafunzi kumfuatilia mhusika tangu anapotajwa mara ya kwanza hadi riwaya inapomwacha, na kumchambua kwa yale waliyoyaona wenyewe. Msimamo wangu ni kwamba sifa ya mhusika ndiyo inayopaswa kuandikwa mwisho, baada ya matendo yake, kauli zake na mabadiliko yake kukusanywa, ilhali mazoea yetu yameifanya kuwa jambo la kwanza. Mwanafunzi akishaandika "jasiri" katika sura ya kwanza, hana tena sababu ya kumtazama Sekai. Atakachokifanya katika sura zilizobaki ni kutafuta mifano ya ujasiri na kuyaruka mengine yote.

Kila mwanafunzi wangu huwa na daftari la wahusika lililo mbali na daftari la somo. Halihitaji kuwa kaunta buku. Daftari la kawaida la mistari linatosha. Mhusika mkuu hutengewa kurasa kadhaa zinazofuatana, wale wanaomzunguka hupewa ukurasa mmoja mmoja, na kurasa za mwisho huachwa kwa ajili ya wale wanaotokea mara moja au mbili. Kila ukurasa hugawanywa safu nne. Ya kwanza ni ya sura na ukurasa, na nasisitiza sura kwa sababu nakala za maktaba na nakala zinazonunuliwa madukani huweza kuwa za matoleo tofauti, zikapishana kurasa hata pale maneno yanapokuwa yale yale. Safu ya pili hueleza mhusika amefanya nini au amesema nini. Ya tatu hutaja ni nani anayetuambia hayo, na ya nne ni ya mawazo ya mwanafunzi mwenyewe. Safu tatu za mwanzo huandikwa kwa kalamu ya wino, kwa maana hayo yamo kitabuni na hayabadiliki. Ya nne huandikwa kwa penseli.

Kisha huweka sharti ambalo hulalamikiwa sana mwanzoni mwa muhula: mpaka tumalize sura tatu za kwanza, hakuna ruhusa ya kuandika sifa yoyote katika safu ya pili. Huruhusiwi kuandika mkali, mpole, mkarimu, mnafiki wala mwenye huruma. Unaandika vitenzi: anatoroka, ananyamaza, anauliza, anakataa chakula, anarudi. Mwanafunzi aliyezoea madesa huandika "Sekai ni jasiri kwa kutoroka na mwanawe", nami humwomba afute nusu ya kwanza ya sentensi. Kinachobaki ni "anatoroka na mwanawe", na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa neno kutoroka lina maswali yake. Anatoroka nini? Ameacha nini nyuma? Anakwenda wapi, na anajua nini kuhusu huko anakokwenda?

Kwa wasioifahamu riwaya hiyo, Sekai ni mke aliyekaa miaka mingi bila kupata mtoto, na anapojaliwa mtoto, mtoto huyo, Takadini, ana ualbino, naye anazaliwa katika jamii ambayo mila zake haziruhusu mtoto wa namna hiyo kuishi. Sekai anaondoka na kichanga chake, anafika katika kijiji kingine kwa Mtemi Masasa, na huko mzee Chivero anawapokea. Matendo haya ni machache na mazito, na yanafaa sana kumfundishia mtu anayeanza kuandika daftari la wahusika.

Wakati tulipokuwa tukiujaza ukurasa wa Sekai, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aitwe, alinyoosha mkono akasema, "Madam, mie naona huyu anaogopa." Darasa lilicheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na "jasiri" kichwani, akisubiri tu sharti langu liishe muda wake. Nilimwomba asome alichoandika katika safu ya penseli, naye akasoma kwamba mtu asiye na hofu angebaki nyumbani akabishana na wazee, lakini Sekai hakubishana, aliondoka, na mtu huondoka namna ile kwa sababu anajua kwamba akibaki atashindwa. Mvulana aliyekaa nyuma akamjibu kwamba kwenda peke yako na kichanga mahali usipopajua kunahitaji moyo kuliko kubishana. Walivutana hivyo kwa muda mzuri, kila mmoja akirudi kitabuni kutafuta mahali pa kujitetea, na kipindi kilipokaribia kwisha walikuwa wamekubaliana kuandika, bado kwa penseli, kwamba Sekai anaogopa na anathubutu kwa wakati mmoja, na kwamba kinachomsukuma kuthubutu ni kile kile kinachomtia hofu. Sentensi hiyo haimo katika desa lolote nililowahi kulishika.

Makwati alileta mvutano wa aina nyingine. Nusu ya darasa walitaka kumwita mkatili, na waliobaki wakasema ni mume mwenye mapenzi aliyezidiwa na mila. Niliwakataza kupiga kura, jambo ambalo walimu wengi tunalipenda kwa sababu linamaliza ubishi haraka. Badala yake niliwaomba waugawe ukurasa wa Makwati pande mbili: upande mmoja waorodheshe kila mahali anapoonyesha kwamba anamjali Sekai, na upande wa pili kila mahali anapoyakubali yale ambayo mila na wazee wanamtaka ayakubali. Ilipokamilika, ilikuwa wazi kwamba pande zote mbili zina maandishi, na swali likabadilika lenyewe. Hawakuuliza tena kama Makwati ni mwema au mbaya. Waliuliza anahofia kupoteza nini. Mhusika akishaulizwa swali hilo, mwanafunzi huacha kumtazama kama kielelezo cha tabia na kuanza kumtazama kama mtu aliyebanwa, na riwaya nyingi zinazosomwa katika shule zetu zinahusu watu waliobanwa.

Safu ya tatu, ile ya nani anatuambia, ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Vitabu vyetu vya fasihi hufundisha mbinu za usawiri wa wahusika kama orodha ya kukaririwa: maelezo ya msimulizi, matendo, mazungumzo, mawazo, maneno ya wahusika wengine, na majazi, yaani majina yanayobeba tabia za wenye majina hayo. Mwanafunzi huitaja orodha hiyo bila kukosea, lakini ukimwonyesha sentensi moja ya riwaya na kumwuliza ni nani aliyeisema, anasita. Kwa hiyo namtaka aandike kila mara: msimulizi, mhusika mwenyewe, au fulani. Katika Takadini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu mtoto yule yanasemwa na watu wanaomwogopa au wanaomdharau, na mwanafunzi asiyetazama msemaji huyabeba maneno yao kana kwamba mwandishi ndiye aliyeyasema.

Kutokana na hilo nimejiwekea utaratibu ambao sijauona katika mwongozo wowote, nao ni kwamba neno la mhusika mmoja kuhusu mwingine huandikwa mara mbili. Linaandikwa katika ukurasa wa anayesemwa na katika ukurasa wa anayesema. Mwanakijiji akimtukana Takadini, tusi hilo linatueleza machache kuhusu Takadini na mengi kuhusu mwanakijiji, hofu zake na yale aliyofundishwa tangu utotoni. Wanafunzi hulielewa jambo hili upesi sana, pengine kwa sababu wamekulia mitaani ambako barazani huzungumzwa watu wasiokuwapo, na kila mtoto anajua kwamba habari za jirani humfichua pia anayezisimulia.

Kurasa za mwisho za daftari, zile za wahusika wadogo, wanafunzi wenyewe walizipa jina la "Waja Leo", kutokana na ule usemi unaotajwa kila mji wetu unapotajwa: Tanga, waja leo waondoka leo. Jina limeshika, nami nimeliacha. Mhusika wa kurasa hizo hutengewa mistari michache tu, lakini kila mmoja lazima ajibiwe swali hili: kama angeondolewa, ni jambo gani katika riwaya lisingetokea? Wengine hawana jibu, na hilo si kosa, kwa kuwa riwaya huhitaji watu wa kupita sokoni na wa kubisha hodi. Lakini wapo ambao mwanafunzi akishajiuliza swali hilo hulazimika kuwatoa huko nyuma na kuwafungulia ukurasa wao.

Mwajuma wa riwaya ya Vuta N'kuvute ndiye mfano wangu wa kila mwaka kwa wanafunzi wa kidato cha tano. Yasmin anapomkimbia mume wake na kukataliwa na jamaa zake, ni Mwajuma anayempokea nyumbani kwake Ng'ambo. Wanafunzi wengi humpa Mwajuma neno moja la kumlaumu, kwa sababu ya namna anavyoishi na starehe anazozipenda, kisha humsahau. Wakiulizwa nini kisingetokea bila yeye, wanagundua kwamba bila chumba cha Mwajuma Yasmin hana pa kuanzia maisha mapya, na kwamba watu na mambo yanayombadilisha baadaye yanamfikia akiwa tayari yuko katika mazingira hayo. Mwajuma hapewi sifa ya mfadhili na mtu yeyote kitabuni, wala hajisifu. Ufadhili wake uko katika vitenzi vyake tu, na ndiyo maana anayesoma kwa kutafuta sifa humkosa.

Yasmin mwenyewe ndiye mhusika bora ninayemjua kwa kufundishia mabadiliko. Shafi Adam Shafi, mwandishi wa riwaya hiyo, anamtambulisha akiwa msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, katika Unguja ya wakati wa ukoloni. Katika hatua hiyo ya riwaya, ukiitazama safu ya pili ya daftari kwa makini, utaona kwamba vitenzi vingi vinavyomhusu viko katika kauli ya kutendwa: anaozwa, anachukuliwa, anapelekwa Mombasa. Kisha pole pole vitenzi vinageuka: anatoroka, anarudi, anachagua, anapenda, anaficha, anaamua. Nilipowaonyesha wanafunzi jambo hili ubaoni, nikiandika vitenzi pekee yake bila sentensi zake, walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema kwamba mtu angeweza kuieleza riwaya nzima kwa orodha ile. Sidhani kwamba angeweza, lakini alikuwa ameona kitu cha kweli, na alikiona kwa macho yake.

Ni baada ya kufika hapo ndipo ninapowaletea istilahi za mhusika bapa, asiyebadilika na mwenye upande mmoja, na mhusika duara, mwenye pande nyingi na anayeweza kubadilika. Wanafunzi hupewa maneno haya mapema mno, yakawa vibandiko vya kugandisha. Mgawanyo huu unatoka kwa E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza aliyeueleza katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, na kipimo chake kwa mhusika duara kilikuwa rahisi: je, ana uwezo wa kutushangaza, na tukishangaa, je, tunaamini? Wahakiki wetu wa Kiswahili wameongeza ndani yake migawanyo mingine, kama bapa-sugu (asiyebadilika kamwe) na bapa-vielelezo (anayepewa jina la tabia yake), ambayo ni mizuri ila haimsaidii mtu ambaye hajasoma kitabu. Kipimo cha Forster nakipenda kwa sababu kinahitaji daftari. Huwezi kujua kama tendo la sura ya kumi linashangaza iwapo hukuandika alivyokuwa katika sura ya pili, na huwezi kusema kama mshangao huo unaaminika iwapo hukuziona dalili zilizotangulia.

Hapa huwa narekebisha dhana moja iliyoota mizizi, nayo ni kwamba mhusika bapa ni mhusika mbaya, au ni kazi mbovu ya mwandishi. Denge, kijana wa harakati za ukombozi anayependana na Yasmin, habadiliki sana katika msimamo wake. Anachokitaka mwanzoni ndicho anachokitaka baadaye, na gharama anayoilipa ndiyo inayozidi kupanda. Je, ni bapa? Wanafunzi wangu hugombana juu ya hilo kila mwaka, nami siwapatanishi. Ninachowaeleza ni kwamba mtu mwenye msimamo mmoja akiwekwa karibu na mtu anayebadilika, kila mmoja humfanya mwenzake aonekane vizuri zaidi, na mwandishi anayejua kazi yake hawezi kujaza riwaya kwa watu wanaobadilika wote kwa pamoja.

Wapo wanafunzi wanaonijia na filamu ya Vuta N'kuvute, ile ya Amil Shivji iliyotoka mwaka 2021, na kuandika waliyoyaona humo. Sioni ubaya wa kuitazama, ila safu ya kwanza ya daftari huwaumbua upesi, kwa sababu filamu haina ukurasa.

Njia hii, hata hivyo, haitumiki kwa riwaya zote kwa namna moja, na ingekuwa ajabu kama Mtanga angesahau kumtaja Shaaban Robert katika jambo hili. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, na amezikwa Machui, si mbali na mji wetu. Riwaya yake ya Kusadikika, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1951, ina waziri anayeitwa Majivuno na mshitakiwa anayeitwa Karama. Mwanafunzi anayesubiri sura tatu kabla ya kumpa Majivuno sifa atakuwa anapoteza muda wake, kwa kuwa mwandishi ameshaitoa katika jina. Haya ndiyo majazi, na katika kazi za Shaaban Robert si pambo. Watu wake wengi wamekusudiwa kubeba maadili na mawazo, nao hawajifichi.

Kwa hiyo kwa Kusadikika nabadilisha safu. Badala ya kuuliza mhusika ni mtu wa namna gani, tunauliza anajenga hoja gani, na anaijenga kwa hatua zipi. Karama ameshitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande mbalimbali kwa manufaa ya nchi na wakaishia kuadhibiwa waliporudi. Katika daftari, kila mjumbe hupewa mistari mitatu: alitumwa wapi, alirudi na nini, alilipwa nini. Baada ya mjumbe wa tatu wanafunzi huanza kusema kwamba habari zinajirudia, tena kwa sauti ya kuchoka. Hapo huwauliza ni nani katika baraza anayezisikiliza habari hizo moja baada ya nyingine, na kurudia huko kunamfanya nini msikilizaji huyo. Wengine hufungua tena ukurasa wa mfalme, ambao walikuwa wameuacha karibu mtupu, na kuona kwamba yule waliyemdhani hana kazi ndiye ambaye hoja zote zilikuwa zikimlenga.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kiti cha mhusika. Mwanafunzi mmoja hukaa mbele ya darasa akiwa ndiye mhusika, wenzake wakamwuliza maswali, naye hujibu kwa nafsi ya kwanza. Lina sharti moja: yeyote anaweza kusema "ukurasa?", na aliyeketi lazima aonyeshe mahali katika kitabu panapoliunga mkono jibu lake, au akiri kwamba amekisia na aeleze amekisia kutokana na nini. Nakumbuka mvulana aliyekaa kama Bwana Raza. Maswali yalianza kwa kejeli, kama ilivyotarajiwa, kuhusu umri wake na ndevu zake. Kisha msichana mmoja akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana Raza, wewe ulidhani Yasmin anataka nini?" Mvulana akafungua kitabu, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena, hatimaye akajibu kwamba hakumbuki kuwahi kumwuliza. Hakuna aliyehitaji kusema "ukurasa?", kwa sababu wote walikuwa wakipekua pamoja naye. Walipofungua madaftari yao, wengi waliandika katika ukurasa wa Raza jambo ambalo hakulifanya, na tangu siku hiyo nimeruhusu yale ambayo mhusika hakuyafanya yaingie katika safu ya pili, mradi iwe ni jambo ambalo mtu wa nafasi yake angetarajiwa kulifanya.

Mchoro wa mahusiano nitautaja kwa kifupi, kwa kuwa walimu wengi wanaufahamu. Tunabandika karatasi ya manila ukutani, tunaandika majina na kuyaunganisha kwa mistari, na juu ya kila mstari tunaandika ni nani mwenye nguvu juu ya mwenzake na nguvu hiyo inatokana na nini: fedha, ndoa, umri, cheo au siri anayoijua. Bila maneno hayo juu ya mistari, mchoro huwa ni mapambo ya darasa.

Upungufu wa vitabu haukwepeki katika mazungumzo haya. Mara nyingi nakala moja huzungukwa na wanafunzi kadhaa, na wengine hulazimika kwenda kusomea maktaba ya mkoa baada ya masomo, ikiwa nyumbani hawahitajiki mapema. Katika hali hiyo nagawa wahusika badala ya kugawa kurasa. Wote wanasoma kitabu kizima kwa zamu au kwa kusomewa kwa sauti, lakini kila mmoja hulinda wahusika wawili tu, na anakuwa ndiye wa kuulizwa habari zao. Mwanafunzi aliyepewa Chivero humsikiliza msomaji kwa sikio jingine kabisa pale jina hilo linapotajwa. Kugawa kurasa, ambako mmoja anasoma sura mbili na kuwahadithia wenzake, sikushauri, kwa sababu mhusika hukatwa vipande na hakuna anayemwona akibadilika.

Wenzangu wengi huniuliza kuhusu mtihani, na wana haki, kwa kuwa maswali ya riwaya huhitaji hoja kadhaa kutoka katika vitabu viwili na muda ni mfupi. Daftari hili halipingani na mtihani. Mwishoni mwa riwaya kila mwanafunzi huandika aya moja kwa kila mhusika mkubwa, na hapo ndipo ruhusa kamili ya sifa inapotolewa, kwa utaratibu wa kuanza na tendo, kufuatia na mazingira ya tendo, na kufunga kwa sifa iliyopimwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliwahi kuandika hivi: "Sekai anatoroka na mwanawe na kuiacha nyumba ya mume aliyoishi kwa miaka mingi. Anafanya hivyo akijua kwamba mila hazitamwacha mtoto aishi, na bila kujua kama atapokelewa mahali pengine. Hivyo ujasiri wake unatokana na hofu ya mama, wala hautokani na kutojali hatari." Aya hiyo ni fupi kuliko za madesa, na msahihishaji anayetafuta hoja, mfano na ufafanuzi atavikuta vyote humo bila kuhangaika.

Kwa wale ambao wameshafika kidato cha sita na wana wiki chache tu mkononi, siwashauri waanze daftari zima. Wachague wahusika watatu katika kila riwaya, yaani mmoja anayebadilika, mmoja asiyebadilika, na mmoja kutoka katika kurasa za Waja Leo. Wawatafutie matendo manne manne, mawili ya mwanzo wa riwaya na mawili ya mwisho wake, pamoja na sura na ukurasa. Kazi hiyo inawezekana jioni chache tu, mradi kitabu kiwe mezani na desa libaki kwenye begi.